Herufi Saba na Sikio

Sauti haina mwili, lakini mwanadamu hakuacha kutafuta njia ya kuishika. Neno lililosemwa lilipata maandishi zamani sana. Sauti iliyoimbwa ilichelewa kupata kalamu yake. Kwa karne nyingi mwimbaji alikuwa ndiye kitabu cha wimbo wake, na alipokufa kitabu kilizikwa pamoja naye. Historia ya muziki wa Ulaya, kwa sehemu kubwa, ni historia ya jitihada ya kulinyang'anya kaburi mali hiyo. Jitihada hiyo ilifika mpaka Ilala, katika mji wa Dar es Salaam, ikakuta huko hazina nyingine ya sauti, nayo ni sikio. Herufi na sikio vilipokutana, kila kimoja kilionyesha nguvu yake na upungufu wake.

Mwanzoni mwa karne ya 11 aliishi Italia mtawa jina lake Guido, mwalimu wa waimbaji katika mji wa Arezzo. Siku zile watoto wa kwaya walikariri nyimbo za ibada kwa kumfuata mkubwa wao, na miaka kumi ilikuwa haitoshi kuzimaliza. Guido alichagua utenzi mmoja wa Kilatini wa kumsifu Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao kila kipande chake kilianza kwa sauti iliyopanda daraja moja juu ya kipande kilichotangulia. Akatwaa silabi za mwanzo wa vipande hivyo, akazifanya kuwa majina ya sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Jina la saba liliongezwa baada yake, na katika karne ya 17 ut iliacha kiti chake kwa do, ambayo ni nyepesi kinywani. Tangu hapo mtu aliweza kuimba wimbo ambao hakuusikia kwa mtu mwingine yeyote. Lilikuwa jambo dogo kwa umbo, lakini kubwa kwa matokeo.

Majina hayo yakipangwa kwa utaratibu huitwa skeli, nayo ni ngazi ya sauti. Ngazi hiyo ina vidato saba, na kidato cha nane ni kile cha kwanza kilichorudi katika kimo kingine. Uzi utetemekao mara 220 kwa sekunde na uzi utetemekao mara 440 hutoa sauti mbili ambazo sikio huzitambua kuwa ni ndugu wa jina moja. Vidato havilingani: baina ya mi na fa, na baina ya ti na do, hatua ni nusu tu. Sauti zikifuatana moja baada ya moja hufanya tuni. Zikiimbwa pamoja kwa kupatana hufanya harmonia. Na mapigo yanayogawa muda wake huitwa mizani. Katika kwaya harmonia hugawiwa watu wanne: soprano na alto kwa sauti za juu, tena na besi kwa sauti za chini. Kwa vyombo hivi vichache Palestrina alitunga misa zake katika karne ya 16. Bach akaonyesha mwaka 1722 kwamba kinanda kimoja chaweza kupigwa katika funguo zote 24. Na Handel akawaimbisha watu wa Dublin Masihi wake mwaka 1742.

Walakini noti za mistari mitano zilikuwa elimu ya wachache. Zilihitaji mwalimu, muda na mchapaji mwenye vyombo maalumu. Katika Norwich, nchini Uingereza, mwalimu mwanamke aliyeitwa Sarah Glover alibuni njia rahisi ya kuimbisha watoto, akaitangaza kwa kitabu mwaka 1835. Mchungaji John Curwen aliichukua njia hiyo na kuitengeneza zaidi. Alitaka maskini na watoto wa shule za Jumapili waimbe kwa kusoma. Mistari mitano ikaondolewa, na mahali pake zikawekwa herufi saba za kawaida: d, r, m, f, s, l, t. Nukta na vistari vilionyesha mizani. Do haikufungwa mahali pamoja, bali ilihama kwa kufuata ufunguo wa wimbo. Njia hii iliitwa solfa, na fadhila yake kubwa ilikuwa urahisi wa gharama. Kilichoweza kuchapa barua kiliweza kuchapa wimbo.

Fadhila hiyo ndiyo iliyoisafirisha solfa. Wamisionari waliipeleka Afrika Kusini, na huko mwalimu wa shule ya Kimethodisti, Enoch Sontonga, aliitumia kuandika nyimbo za wanafunzi wake. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika. Sontonga alikufa mwaka 1905 akiwa bado kijana, wala hakujua wimbo wake utafika wapi. Uliimbwa katika mkutano uliozaa chama cha ANC tarehe 8 Januari 1912, ukanaswa katika sahani ya santuri mjini London mwaka 1923, kisha ukapanda kaskazini kutoka nchi hata nchi.

Katika Ilala herufi saba zilipata makao mema. Kwenye ukingo wa bahari yasimama makanisa mawili yaliyojengwa katika zama za Wajerumani, la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki na la Azania la Walutheri. Katika makanisa kama haya, karatasi ya solfa ikawa mali ya kwaya. Mwalimu alipiga herufi kwa taipu, akatoa nakala, akazigawa. Fundi cherehani, karani na mwuza samaki wakasimama mstari mmoja, kila mmoja na sauti yake. Watu ambao hawakupata kukanyaga chuo cha muziki waliweza kuimba kwa Kiswahili Haleluya ya Handel kwa sehemu zake zote nne. Na katika Kariakoo, mtaa ambao zamani uliitwa New Street na sasa huitwa Lumumba, chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, tuni ya Sontonga, iliyovikwa maneno ya Kiswahili, ikawa wimbo wa taifa: Mungu ibariki Afrika. Hivyo harmonia iliyokulia Ulaya, ikapata mtungaji Mwafrika, ilisimamisha watu wima kwa heshima ya nchi yao.

Lakini Kariakoo haikungoja herufi ili ipate muziki. Jina lake lenyewe ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliowekwa hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Katika miaka ile ngoma ya beni ilitawala mitaa. Beni ilitwaa baragumu, ngoma kubwa, vyeo na gwaride la jeshi la Wazungu, ikavigeuza kuwa mashindano ya watu wenyewe. Marini upande mmoja, Arinoti upande wa pili. Mwaka 1932 ilianza Dar es Salaam Jazz, na baada yake bendi za dansi zikafuatana kama mawimbi. Klabu za taarabu za Egyptian na Al-Watani zikashindana kwa udi, kanuni na fidla. Katika shule hii kubwa isiyo na ubao wala chaki, mwalimu alikuwa sikio. Kijana alikaa karibu na mpigaji, akatazama vidole vyake, akakosea, akachekwa, akajaribu tena, mwisho akajua.

Shule ya sikio ilikuwa na elimu ambayo shule ya herufi haikuiweza. Ngoma tatu zinazopigwa pamoja, kila moja ikienda kwa hesabu yake bila kupotezana, hazikai vyema katika nukta na vistari vya Curwen. Taarabu ina sauti zilizo katikati ya kidato na kidato, na kwa sauti hizo herufi saba hazina jina. Hata lugha ilipata taabu. Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, ila maneno machache. Nyimbo nyingi za Kijerumani na Kiingereza humaliza mstari kwa pigo zito. Mfasiri alipopachika neno upendo mahali hapo, pigo liliangukia do, na neno likatoka kinywani kama mgeni. Waumini waliimba hivyo kwa miaka, wakazoea kosa mpaka likaonekana kuwa utakatifu.

Kwa upande wa pili, shule ya sikio ilipata hasara iliyo kubwa zaidi kwa kuwa haionekani. Nyimbo za Marini na Arinoti zilitikisa mji mzima. Leo baadhi ya maneno yake yamo katika vitabu vya wanahistoria, lakini sehemu kubwa ya sauti zake imekwenda na waliozipiga. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine ya kunasia sauti, akaokoa alichokikuta. Alichokikuta kilikuwa kimebaki tu, na mashine haiwezi kumnasa marehemu.

Kanisa lenyewe lilikuja kukiri upungufu wa njia yake. Mwaka 1963 padri Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Na tarehe 4 Desemba mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati iliyotaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na mahali paufaapo katika ibada. Ngoma na kayamba vikaingia mlangoni palipokuwa pakipita kinanda peke yake. Watungaji wakaanza kuandika tuni zilizofuata mkazo wa Kiswahili, wakaziandika kwa herufi zile zile saba. Karatasi ilishika sauti, na mpiga ngoma akaachiwa mapigo ambayo karatasi haikuyajua.

Hapo ndipo palipo na funzo. Herufi ni mtumishi mwaminifu, lakini hubeba mzigo ulio sawa na mikono yake. Sikio hubeba kila kitu, lakini hufa. Taifa linalotegemea herufi peke yake litahifadhi mifupa ya nyimbo zake bila damu. Taifa linalotegemea sikio peke yake litakuwa tajiri leo na maskini kesho kutwa. Guido aliona watoto wakizeeka katika kukariri, akawahurumia. Mwenye kuwahurumia wazee wa Kariakoo wanaoondoka na midundo yao hana budi kufanya kama yeye: atafute alama kwa sauti zisizo na alama, na wakati anazitafuta, aketi karibu na mpigaji asikilize.