Mwalimu wa Chuo Kikuu Hujifunza Wapi Kufundisha? Maelezo ya Kihistoria Kuanzia Wittenberg

Tarehe 4 Septemba 1517, katika chuo kikuu cha Wittenberg, mwanafunzi aitwaye Franz Günther alisimama kutetea hoja karibu mia moja zilizoishambulia theolojia ya wanazuoni wa zama zile. Alikuwa akitafuta shahada ya awali ya Biblia. Mwalimu wake, Dakta Martin Luther, aliketi kama mwenyekiti wa mdahalo. Sisi Walutheri tumezoea kuikumbuka tarehe 31 Oktoba ya mwaka ule ule, na mdahalo huu uliotangulia kwa karibu miezi miwili tunaupita haraka. Lakini kwa yeyote anayesimamia tasnifu za wanafunzi, kuna jambo la kustaajabisha ndani yake: hoja zile hazikuandikwa na Günther. Ziliandikwa na Luther. Kazi ya mwanafunzi ilikuwa kuzitetea mbele ya wasomi, akijibu pingamizi moja baada ya nyingine, mwalimu wake akiwa karibu.

Kwa kanuni za vyuo vyetu vya leo, msimamizi aliyemwandikia mwanafunzi hoja zake angeitwa mbele ya kamati. Watu wa Wittenberg hawakuona kosa lolote, kwa sababu swali lao lilikuwa jingine. Hawakuuliza kama mtahiniwa amevumbua jambo jipya. Waliuliza kama aweza kuaminiwa kusimama mbele ya watu na kufundisha. Shahada ilikuwa na maana hiyo tangu asili. Neno la Kilatini “doctor” maana yake ni mwalimu, na kilichotolewa kwanza na vyuo vya Ulaya vya Zama za Kati kilikuwa idhini ya kufundisha.

Tutazame njia aliyoipitia Luther mwenyewe. Mwaka 1508 alitumwa Wittenberg akiwa mtawa kijana, naye alifundisha maadili ya Aristotle huku akiendelea na masomo yake ya theolojia. Mwaka 1509 alipata shahada ya awali ya Biblia, kisha akarudishwa Erfurt, ambako alifundisha kutoka kitabu cha Sentensi cha Petro Lombardo. Kufundisha huku hakukuwa kibarua cha kutafutia karo. Kulikuwa sehemu ya masomo yenyewe, hatua ambayo hakuna aliyeweza kuiruka. Alipotunukiwa udaktari mwezi Oktoba 1512, Andreas Karlstadt akiongoza ibada ile ya kitaaluma, Luther alikuwa amekwisha kuzoea kusimama mbele ya darasa. Mwaka uliofuata alianza mihadhara yake juu ya Zaburi.

Hata hivyo nisingependa msomaji aione Wittenberg kama paradiso. Mdahalo uliweza kuwa mchezo wa maneno matupu, na katika miaka ya 1520 ulififia mle chuoni hata ukakaribia kusahauliwa. Uliporudishwa kwa katiba mpya ya kitivo cha theolojia mwaka 1533, aliyeiandika katiba hiyo alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuwa daktari: Philipp Melanchthon.

Hapa yafaa tukae kidogo. Melanchthon alifika Wittenberg mwezi Agosti 1518 akiwa na umri wa miaka 21, na hotuba yake ya kwanza ilihusu kurekebishwa kwa masomo ya vijana. Mwaka 1519 alipata shahada ya awali ya theolojia, akaishia hapo. Kwa viwango vya leo asingepita mlango wa kamati ya ajira. Lakini Wajerumani walimwita Mwalimu wa Ujerumani, wala si kwa heshima ya bure. Kwa miaka mingi aliendesha shule ndogo nyumbani kwake, ambamo vijana walikula, walijifunza lugha na kusahihishwa maandishi yao mezani pake. Alipokuwa mkuu wa chuo mwaka 1523 na 1524, aliagiza kila mwanafunzi awekwe chini ya mwalimu mmoja atakayemwelekeza asome nini na kwa utaratibu gani. Tena aliweka zoezi la kutunga na kutoa hotuba, ili mwanafunzi asikilizwe badala ya kusikiliza siku zote. Nijuavyo mimi, katika mapokeo yetu ya Kilutheri huo ndio mfano wa mapema ulio wazi wa kile tunachokiita leo usimamizi wa mwanafunzi. Uliwekwa kwa sababu vijana walikuwa wakifika chuoni wengi na kupotea, kila mmoja akisikiliza mhadhara wowote uliompendeza.

Hatua iliyofuata ilitoka Halle. August Hermann Francke, mchungaji wa Glaucha na profesa wa chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1694, alikuwa na shule za maskini na yatima zilizohitaji walimu, na alikuwa na wanafunzi wa theolojia waliohitaji chakula. Mwaka 1696 aliwaunganisha: mwanafunzi alifundisha, naye akalishwa. Hilo lingeweza kuishia kuwa mpango wa kiuchumi tu, lakini Francke aliona kwamba kijana anayejua Kigiriki si lazima ajue kumfundisha mtoto Kigiriki. Wakaguzi wakaingia madarasani na kuwatazama wakifundisha. Mwaka 1707 alianzisha kundi teule, ambalo wanafunzi wake walifunzwa miaka miwili kisha wakawa na wajibu wa kufundisha miaka mitatu. Wasomaji wetu wanaijua Halle zaidi kwa sababu ya Bartholomäus Ziegenbalg, aliyefika Tranquebar mwaka 1706. Yafaa waijue pia kama mahali ambapo mwalimu alikubali kutazamwa na mwalimu mwenzake.

Katika karne ya 19 mkondo uligeuka. Chuo kikuu cha Berlin kilifunguliwa mwaka 1810 kwa mawazo ya Wilhelm von Humboldt na ya mtheolojia Friedrich Schleiermacher, mkuu wa kwanza wa kitivo cha theolojia hapo. Wazo lao lilikuwa zuri: profesa na mwanafunzi wote wawili wawe watafutaji wa elimu. Lakini matokeo yake, kidogo kidogo, yakawa kwamba udaktari ulithibitisha uwezo wa kutafiti, na uwezo wa kufundisha ukadhaniwa kuja wenyewe. Wamarekani waliichukua shahada hiyo. Yale ilitoa ya kwanza mwaka 1861. Mwaka 1903 mwanafalsafa William James wa Harvard aliandika insha akiifananisha na pweza, akilalamika kwamba vyuo vinadai cheo hicho kwa kila mwalimu bila kuuliza kama anajua kufundisha. Hakusikilizwa. Oxford nayo ilianzisha udaktari wa utafiti mwaka 1917.

Mtindo huo ndio ulioletwa kwetu. Makerere, na baadaye chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1961, vililelewa chini ya Chuo Kikuu cha London. Upande wa Kanisa, chuo chetu cha theolojia kilichoanza Lwandai mwaka 1947 na kuhamia Makumira mwaka 1954 kilitegemea kwanza walimu wamisionari. Swali la walimu Waafrika lilipata msukumo mkubwa katika mkutano wa Baraza la Kimataifa la Misheni uliofanyika Achimota, Ghana, mwishoni mwa 1957 na mwanzoni mwa 1958. Hapo ulizaliwa Mfuko wa Elimu ya Theolojia, ukiwa na dola milioni 4, nusu yake kutoka kwa Rockefeller. Mfuko huo ulijenga maktaba, ulisaidia uchapaji wa vitabu vya kiada, na uliwapeleka walimu kusoma ng'ambo. Shukrani kwake ni halali. Lakini walichokwenda kusomea kilikuwa somo: Agano la Kale, historia ya Kanisa, dogmatiki. Waliporudi walikabidhiwa chaki na orodha ya wanafunzi wa kuwasimamia.

Mimi ni mmoja wa waliorudi namna hiyo, ingawa katika kizazi cha baadaye. Mwanafunzi wangu wa kwanza wa tasnifu nilimfanyia kama nilivyofanyiwa: nilimwambia alete sura ya kwanza ikiwa tayari. Hakuleta. Nami sikumwita, nikidhani kumwita ni kumdharau mtu mzima, tena mchungaji mwenye usharika. Ulipita karibu mwaka. Siku alipokuja, alikuja kuaga. Alisema alikuwa ameshindwa kuanza, na kila alipoiona ofisi yangu aliona haya kubisha hodi. Alirudi usharikani bila shahada. Nilikuwa na udaktari, lakini sikujua jambo ambalo Melanchthon alilijua pasipo udaktari.

Ndiyo maana siungani na wenzangu wanaonung'unika wanapoitwa kwenye mafunzo ya ufundishaji na usimamizi. Husema, “Nina udaktari, nikafundishwe nini tena?” Historia yajibu kwamba udaktari wenyewe ulipoteza kipande chake, na mafunzo haya yanakitafuta. Wengine wamekwisha kuanza. Nchini Uingereza, taarifa ya tume ya Dearing ya mwaka 1997 ilipendekeza walimu wa vyuo vikuu wafunzwe ualimu, na mwaka 1999 ikaanzishwa taasisi kwa kusudi hilo. Nchini Sweden, kanuni ya mwaka 2003 ilimtaka anayeomba uhadhiri awe amepata mafunzo ya ufundishaji wa chuo kikuu. Mwaka 2011 sharti hilo liliondolewa katika kanuni ya taifa na kuachiwa vyuo vyenyewe. Kwa hiyo hata huko jambo hili halijatulia.

Nasi tunayo ngazi inayofanana na ile aliyoipanda Luther Erfurt. Mwenye shahada ya uzamili huanza kama mhadhiri msaidizi, hufundisha na huku akijiandaa kwa udaktari. Tofauti ni kwamba mara nyingi hupewa darasa na kuachwa peke yake. Katika idara yetu tumeanza kumketisha mhadhiri msaidizi pamoja na msimamizi kila anapokutana na mwanafunzi wa tasnifu, na baada ya mwanafunzi kutoka, wawili hao huzungumza juu ya yaliyosemwa na namna yalivyosemwa. Kila mwanafunzi hupangiwa siku yake ya mwezi, awe ameandika au hajaandika. Katika vikao vya mwanzo tulioona taabu zaidi tulikuwa sisi wazee, kwa kuwa hatukuwa tumewahi kutazamwa.