Geji Iliyovujishiwa Mtihani

Watu wakija kuiona simuleta ya mpwa wangu, wote hukimbilia kioo kikubwa cha mbele, kinachoonyesha Bahari ya Hindi na mapaa ya Dar es Salaam. Mimi nimezeekea kwenye karakana ya vyombo vya ndege, kwa hiyo macho yangu huenda moja kwa moja kwenye geji. Si ubishi wa kizee huu. Simuleta za kwanza za ndege kubwa za abiria hazikuwa na mandhari yoyote ya kutazama dirishani, na bado marubani walitoka humo wamelowa jasho.

Edwin Link alikulia Binghamton, jimbo la New York, ambako baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda na piano zinazojipiga zenyewe kwa nguvu ya hewa. Kufikia 1929 kijana huyo alikuwa ameunda kisanduku chenye mabawa mafupi, kilichoinama na kugeuka kwa mivukuto ya vinanda. Wanajeshi hawakukijali. Wateja wake wa mwanzo wengi walikuwa wenye viwanja vya burudani, wakitoza watu pesa ya kubembea.

Mwaka huohuo, tarehe 24 Septemba, rubani Jimmy Doolittle alipaa kutoka Mitchel Field, akazunguka na kutua, hali chumba chake kimefunikwa asione nje. Alitegemea vyombo tu, vikiwemo upeo bandia na jairo ya mwelekeo kutoka kwa Sperry, na altimeta ya Kollsman. Mbele yake alikaa Ben Kelsey, tayari kuokoa jahazi, na hakuhitajika. Kuanzia siku hiyo kuruka gizani lilikuwa jambo linalowezekana kwa aliyefundishwa. Tatizo ni kwamba wengi hawakuwa wamefundishwa. Jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kubeba barua mwaka 1934, marubani waliozoea kuruka wakiiona ardhi walianza kufa mawinguni, na vifo vyao vikawa habari ya magazetini. Jeshi likamwalika Link Newark. Siku yenyewe hali ya hewa ilikuwa mbaya, maafisa wakaamini haji, mara wakamwona anatua. Walinunua visanduku vyake sita. Kufikia mwisho wa Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimeundwa zaidi ya 10,000.

Sasa nifunue kifuniko kidogo, maana uhondo uko ndani. Altimeta ya kisanduku kile haikuwa picha ya altimeta. Ilikuwa geji inayopima mkandamizo wa hewa, imeunganishwa na tangi. Mwanafunzi akiinua pua ya “ndege” yake, vali hufunguka, hewa hunyonywa kutoka tangini, na geji huhisi mkandamizo ukishuka, kama unavyoshuka kweli ndege ikipanda. Ilikuwa inadanganywa, sawa, ila ilidanganywa kwa hewa halisi, na ilibidi ipime yenyewe. Nasisitiza jambo hilo kwa sababu baadaye lilipotea kwa muda mrefu.

Mwaka 1948 Pan American ilipokea kutoka Curtiss-Wright simuleta ya Boeing Stratocruiser, ndege ya injini nne, kila injini ina silinda 28. Richard Dehmel ndiye aliyesanifu mitambo yake ya umeme ya kukokotoa. Haikutikisika hata kidogo, wala haikuonyesha wingu. Lakini swichi na mishale yote ilifanya kazi. Mwalimu akiua injini, mishale ya injini hiyo inaanguka, ndege inavuta upande, na mhandisi wa safari anaanza kutafuta chanzo. Shirika la ndege halikutaka mandhari. Lilitaka wafanyakazi wake wauamini ubao wa geji, na wajue ni lini hautakiwi kuaminiwa.

Mambo yaligeuka kichwa chini kompyuta zilipoingia majumbani. Bruce Artwick aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1975, kuhusu namna ya kuchora urukaji kwa kompyuta. Mwishoni mwa mwongo huo akawa na programu ya Apple II, na mwaka 1982 Microsoft ikatoa toleo la kompyuta za IBM. Yeye alianza na dirisha: mistari michache ikawa milima, mingine njia ya kurukia. Geji zilichorwa chini yake. Simlaumu, mashine za wakati ule zilikuwa dhaifu. Ila tazama geji hizo zilivyofanya kazi: programu yenyewe ndiyo inayoujua mwinuko sahihi wa ndege, inaichukua namba ileile na kuichora. Geji ya namna hiyo ni mwanafunzi aliyevujishiwa mtihani, hapotezi hata alama moja, na hajui hesabu.

Wakati wapenzi wa mchezo huu wanapata uwezo wa kuchora mshale mzuri, ndege zenyewe zikawa zinaiacha mishale. Boeing 767 ilianza kazi 1982 ikiwa na skrini kwenye ubao, na Airbus A320 ikafuata 1988. Nyuma ya skrini moja kuna kompyuta inayosubiri habari za kompyuta nyingine, nayo inasubiri vihisio, na vyote vinasubiri umeme wa njia fulani, si njia yoyote. Atakayeiga ndege hiyo kwa dhati lazima aunde mnyororo mzima. Ndiyo maana mtu huketi kwenye simuleta ngumu akakuta skrini nyeusi, akadhani kompyuta yake imeharibika.

Mpwa wangu anatumia FlightGear, programu iliyoanza miaka ya 1990 na inayotengenezwa na watu wanaojitolea. Ndani yake kila kitu kina jina na thamani yake: volti za betri, swichi, kasi ya injini. Unaweza kufungua orodha na kuvifuatilia. “Mjomba, betri ipo, mbona haiwaki?” huniuliza. Nami humjibu kama nilivyowajibu wanagenzi wangu: shika umeme pale unapoanzia, tembea nao. Huwa unaishia kwenye swichi moja ya juu ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Ukishapata umeme, kwenye Boeing 737 za kisasa bado upeo na mwelekeo havitokei hadi jairo za leza zijitambue. Ndege inatulia, vyombo vinahisi uvutano ili kujua chini ni wapi, kisha vinahisi mzunguko wa dunia ili kuijua kaskazini. Karibu na ikweta kazi hii huchukua muda mfupi, kaskazini kabisa huwa ndefu. Programu za kubahatisha huhesabu dakika zilezile, uwe Dar es Salaam au Oslo.

Kipimo changu kingine cha simuleta ni uongo. Hivi karibuni mpwa wangu alinunua 737 ya programu nyingine. Tukaiegesha Dar es Salaam, nikaiingizia latitudo ya Cairo. Ikaikataa. Nikarekebisha latitudo, nikaipa longitudo ya uongo. Ikaikataa mara moja, nikaingiza ileile tena, ikakubali. Mpwa wangu akasema hiyo ni kasoro, tuandikie walioiunda. Nikamkataza. Latitudo chombo hujikokotolea chenyewe kutokana na dunia inavyozunguka. Longitudo hakina pa kuisoma, kinalinganisha tu na mahali kilipozimwa mara ya mwisho, na rubani akishikilia neno lake, chombo hufuata.