Ufundishaji wa Kiarabu katika elimu ya Kiislamu Afrika ya Mashariki

Ufundishaji wa Kiarabu katika elimu ya Kiislamu Afrika ya Mashariki ni kazi ya kuwafundisha lugha ya Kiarabu wanafunzi ambao hawakuzaliwa nayo, hasa ili waweze kusoma Kurani, hadithi za Mtume Muhammad na vitabu vya wanazuoni. Hufanyika katika vyuo vya Kurani, madrasa, misikiti, shule za sekondari na vyuo vikuu. Kwa wanafunzi wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda, Kiarabu ni lugha ya tatu au ya nne, baada ya lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kiingereza. Hata hivyo, kwa watoto wengi Waislamu ndiyo lugha ya kwanza wanayojifunza kuisoma.

Historia

Katika miji ya pwani, kama vile Lamu, Mombasa na Unguja, mtoto alipelekwa chuoni akiwa bado mdogo. Mwalimu alimwandikia herufi kwenye ubao, naye akazikariri kwa sauti pamoja na wenzake. Baada ya herufi zilifuata alama za irabu, yaani fat-ha, kasra na dhumma, kisha sura fupi za mwisho wa Kurani, hadi mwanafunzi alipohitimu msahafu mzima.

Herufi hizohizo zilitumika kuandikia Kiswahili kabla ya herufi za Kilatini kuenea. Utenzi wa Tambuka, ambao nakala yake ya kale ina tarehe ya mwaka 1728, uliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo chuo kilitoa ujuzi wa kusoma na kuandika karne nyingi kabla ya shule za kikoloni.

Hatua ya juu ilikuwa darsa la msikitini au la nyumbani kwa shekhe. Huko zilifundishwa nahau na sarufi ya Kiarabu kwa kutumia vitabu kama Al-Ajurrumiyya cha Ibn Ajurrum wa Moroko (alifariki 1323) na Alfiyya ya Ibn Malik (alifariki 1274), ambayo ni sarufi iliyotungwa kwa beti zipatazo elfu moja ili ihifadhiwe kwa urahisi.

Si kila mtu alifika hatua hiyo, kwani elimu ya juu ilielekea kubaki katika familia chache zenye hadhi. Huko Lamu, Habib Saleh (alifariki 1935), aliyeanzisha kituo cha Riyadha, anakumbukwa kwa kuwafundisha pia watu wa tabaka la chini, wakiwemo wenye asili ya utumwa.

Kusoma na kuelewa

Suala kubwa katika fani hii ni tofauti kati ya kusoma na kuelewa. Mwanafunzi anaweza kuhitimu Kurani, akaisoma kwa tajwidi nzuri, na bado asijue maana ya aya anazozisoma. Walimu wa vyuo hawakuona jambo hilo kuwa kasoro, kwa sababu kisomo chenyewe ni ibada na sala huhitaji matamshi sahihi.

Katika karne ya 20 baadhi ya wanazuoni walitaka waumini waelewe zaidi. Shekhe Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891-1947) alitumia Kiswahili katika magazeti yake, Sahifa na Al-Islah, kuelezea mambo ya dini. Shekhe Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar (1912-1982) alikamilisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, iliyotolewa kwa ukamilifu mwaka 1969. Tafsiri hizo zilimsaidia msomaji asiyejua Kiarabu, lakini hazikuondoa haja ya kujifunza lugha yenyewe, kwa kuwa vitabu vingi vya fikihi na hadithi havijatafsiriwa.

Msaada na vikwazo vya Kiswahili

Kiswahili kina maneno mengi yenye asili ya Kiarabu. Mwanafunzi anayejua kitabu, katibu na maktaba tayari ana mfano wa mzizi wa herufi tatu, k-t-b, unaohusu kuandika. Vivyo hivyo elimu, mwalimu na maalumu hutokana na mzizi mmoja.

Lakini maneno mengine hupotosha. Ghorofa kwa Kiarabu (ghurfa) ni chumba. Jamaa (jamaa'a) ni kundi la watu, si ndugu. Na tafadhali (tafaddal) ni neno la kumkaribisha mtu, si la kumwomba kitu.

Matamshi ni kikwazo kingine. Anayeshindwa kutofautisha qaf na kaf hubadili moyo (qalb) kuwa mbwa (kalb). Anayeacha herufi ayn hubadili "mjuzi" kuwa "chenye kuumiza".

Katika sarufi, Kiswahili husema "anaandika" kwa mwanamume na mwanamke, ilhali Kiarabu hutofautisha yaktubu na taktubu. Pia Kiarabu kina umbo maalumu la vitu viwili, na irabu ya mwisho wa nomino hubadilika kufuatana na kazi yake katika sentensi.

Mbinu za ufundishaji

Mbinu ya zamani ni kukariri kanuni na kutafsiri kitabu neno kwa neno. Humpa mwanafunzi msingi imara wa nahau, lakini mara nyingi hawezi kuzungumza. Mbinu mpya huanza na mazungumzo, picha na mazoezi. Miongoni mwa vitabu vinavyotumika ni Durusul-Lugha cha V. Abdur Rahim, kilichoandaliwa kwa wanafunzi wa kigeni wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, na mfululizo wa Al-Arabiyya Bayna Yadayk.

Lugha inayofundishwa ni Kiarabu fasaha. Mwanafunzi anayekwenda Omani au Misri hukuta watu wakizungumza lahaja za mitaani, na huhitaji muda kuzizoea.

Katika shule na vyuo vikuu

Kiarabu ni somo la mtihani wa sekondari nchini Tanzania na Kenya. Hufundishwa pia katika vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988. Wahitimu wengine huendelea na masomo Al-Azhar mjini Cairo au Madina.

Changamoto

Madrasa nyingi hutegemea ada ndogo na michango ya waumini, hivyo malipo ya walimu ni kidogo. Watoto huhudhuria baada ya shule au mwisho wa juma, wakiwa wamechoka. Walimu wengi wanaijua Kurani vizuri lakini hawakupata mafunzo ya kufundisha lugha ya kigeni, na darasa moja huweza kuwa na watoto wa umri na viwango tofauti. Kwa sababu hiyo baadhi ya madrasa zimegawa wanafunzi kwa madarasa, na kutenga kipindi cha lugha mbali na kipindi cha Kurani.