Dogo Aliyetoa Gurudumu Lake

Mashabiki wa baiskeli wanaobishana ringi ipi inadumu, someni hii ya Tour de France 1934. Ringi za mbao ndizo zilizoruhusiwa. Ya chuma ikipata moto wa breki, gundi ya tairi inalainika. Kinara wa timu ya Ufaransa akapewa za duralumini kimyakimya, zimepakwa rangi ya mbao! Nyepesi, hata mvua haizipindi. Waamuzi wakaingizwa mjini.

Lakini kule milima ya Pyrenees jamaa akala mweleka, gurudumu la mbele kwisha habari. Mwenzake wa miaka 20 tu, hatari kwenye milima, akachomoa lake akampa. Akabaki kakaa ukutani, machozi yanamtoka, anasubiri msaada. Kesho yake tena, dogo akageuza kurudi nyuma kumpa baiskeli nzima.

Kinara akabeba taji kwa zaidi ya dakika 27. Dogo akamaliza wa tano, ila picha yake pale ukutani ndiyo ikawa maarufu kuliko ya bingwa.