Jina na Herufi Zake: Kutoka Ihangiro hadi Intaneti

Jina la mtu au la mahali si sauti tupu. Ndani yake mna ukoo, mna ardhi, mna historia. Hapo kale, katika tawala za Wahaya kama Kiziba, Kianja, na Ihangiro ambayo leo imo katika Wilaya ya Muleba, majina yalihifadhiwa vinywani mwa wazee, na vijana wakayapokea kwa kuyasikia. Shida ilianza pale yalipoandikwa, kwa kuwa mwenye kalamu hakuwa mwenye jina.

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa mfalme Rumanyika wa Karagwe. Katika kitabu chake alimwandika "Rumanika". Sauti ya ny ikapotea, na wasomaji wa Ulaya wakamjua mfalme huyo kwa jina ambalo watu wake hawakumwita. Baada ya Emin Pasha kuanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, Kiziba nayo ilipata kuandikwa "Kisiba", kwa sababu katika Kijerumani herufi z husomwa ts, na s inayotangulia irabu husomwa kama z yetu. Hata sisi wenyewe hatukupatana. Francis Lwamgira, mwandishi wa Amakuru ga Kiziba, huonekana katika vitabu vingine kama "Lwamugira". Na utawala wa Kiamtwara huandikwa pia "Kyamutwara".

Tusidhani kwamba mkasa huu ni wa Wahaya peke yao. Huko pwani Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, ingawa herufi hizo hazikuwa na alama za p, ch wala v. Waandishi waliazima herufi zilizo karibu, au waliongeza nukta, na msomaji akalazimika kuijua lugha kwanza ndipo aweze kusoma.

Katika zama zetu suala hilo limerudi kwa sura nyingine. Mfumo wa majina ya intaneti, yaitwayo majina ya kikoa, ulibuniwa mwaka 1983 nchini Marekani. Kwa desturi yake, jina lililosajiliwa liliweza kuwa na herufi 26 za Kilatini, tarakimu 10 na kistari, basi. Mjapani, Mwarabu na Mrusi walitakiwa kuyaandika majina yao kwa herufi za wengine. Hawakuridhika. Mwaka 2001 Japani ilianza kusajili majina ya Kijapani chini ya kikoa chake cha taifa. Mwaka 2003 ukatolewa utaratibu wa kimataifa. Na mwaka 2010 Misri, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zikapata vikoa vya taifa kwa herufi za Kiarabu. Hata hivyo mashine za ndani hazikubadilishwa. Jina la Misri, mtu aliandikapo kwa Kiarabu, hugeuzwa kuwa xn--wgbh1c kabla ya kutafutwa. Macho ya msomaji yamepewa haki yake, lakini chini kabisa herufi za zamani bado zinatawala.

Je, sisi tunaoandika kwa herufi za Kilatini tumesalimika? La hasha. Mfumo ule haukubali alama ya ritifaa. Kwa hiyo ng'oa, yaani kutoa kitu na mizizi yake, haiwezi kutofautishwa na ngoa, yaani wivu. Isitoshe, kwa mashine "Lwamgira" na "Lwamugira" ni majina mawili yasiyo na udugu wowote. Tena jina hupewa anayetangulia kuliomba. Tuseme wakulima wa kahawa wa Kamachumu wanataka kuuza mazao yao kwa jina la kwao. Wakichelewa, mgeni asiyewahi kuuona mgomba wala mbuni anaweza kulichukua jina hilo. Nao wakiliandika kwa namna tatu, mnunuzi atapotea njiani.

Yatupasa basi tujifunze kutokana na Rumanyika. Jina lake lilipotoshwa kwa kuwa hapakuwa na maandishi ya wenyeji ya kumsahihisha mgeni. Leo hatuna udhuru huo. Walimu wa Bukoba na Muleba pamoja na wanafunzi wao wanaweza kuwaendea wazee, wakakusanya majina ya vijiji, vilima na koo, wakayaandika kama yanavyotamkwa, na kupatana juu ya tahajia moja. Kazi hiyo itangulie usajili wowote. Wajapani waliweza kudai nafasi ya herufi zao kwa sababu walijua barabara jinsi majina yao yanavyoandikwa. Nasi, kabla ya kuidai dunia ituandike sawasawa, hatuna budi kujiandika sawasawa wenyewe.