Mwenye Kinu Aliyebaki Kinuni

Ndugu mkulima wa Ikwiriri, leo tuweke jembe kando kidogo. Mpunga unaouvuna haukomi bondeni. Unakwenda kinuni, na kinuni yuko meneja. Akijua kazi, nawe unalipwa. Mambo yakienda kombo, unabaki na magunia yako. Basi tuzungumze habari za meneja mmoja aliyewahi kushika kinu cha taifa zima.

Huyu ni Jayantilal Keshavji Chande, ambaye wengi walimwita Andy Chande. Alizaliwa Mombasa mwaka 1928, akakulia Bukene, Tabora, kwenye familia ya wafanyabiashara. Familia ile ilinunua mazao ya wakulima, ikaendesha vinu, mpaka Chande Industries ikahesabiwa miongoni mwa kampuni kubwa za usagishaji nchini.

Haya. Februari 5, 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Siku chache baadaye serikali ikataifisha vinu vikubwa, vya Chande vikiwamo. Mwingine angefunga virago. Lakini Rais Nyerere alimtaka abaki, aviendeshe vinu vile vile kwa niaba ya wananchi. Akakubali. Mwaka 1968 likaundwa kisheria Shirika la Usagishaji la Taifa, ndiyo NMC, naye akaliongoza akiwa meneja mkuu.

Kwa nini alihitajika? Kwa sababu kinu si mashine tu, ni hesabu. Chukua kilo 100 za mpunga. Ukizikoboa vizuri unapata mchele kama kilo 60 hadi 65. Zinazobaki ni makapi na pumba. Fedha ya mchele huo lazima imlipe mkulima, ilipe lori, magunia, mafuta na mishahara, tena ifidie kilicholiwa na panya. Asiyeijua hesabu hiyo hufilisi kinu huku mashine zinanguruma.

Miaka ile ile ninyi wa Rufiji mlikuwa na yenu. Baada ya gharika ya 1968, watu walitolewa bondeni wakahamishiwa vijijini penye mwinuko, Ikwiriri ikiwa mojawapo. Nyumba ikawa huku, shamba kule, ndege na nguruwe wakajipatia sikukuu. Kila gunia lililofika nyumbani likawa limegharimu jasho zaidi. Mnunuzi wa kuaminika akawa jambo kubwa.

Sasa sikiliza yaliyoipata NMC. Mwaka 1973 ilipewa kazi ya kununua nafaka, juu ya ile ya kusaga. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, shirika likatakiwa linunue moja kwa moja vijijini, karibu na mbali, kwa bei moja. Bei ya kununulia ilipangwa na serikali, na bei ya kuuzia unga mjini ilipangwa na serikali. Gharama zilipozidi mapato, pengo lilizibwa kwa mkopo wa benki. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 madeni yalikuwa mlima, na wakulima wengi walikuwa wakiuzia mlango wa nyuma. Vyama vya ushirika vikarudishwa, biashara ya nafaka ikafunguliwa, na baadaye vinu vya shirika vikauzwa.

Chande alishika pia uenyekiti wa mashirika mengine ya umma, likiwamo la Reli. Alifariki Nairobi Aprili 2017.

Ndugu mkulima, tunajifunza nini? Serikali ilifanya busara kumbakiza mtu anayejua kazi. Lakini ujuzi hauwezi kuokoa kinu ambacho bei zake zote mbili, ya kununua na ya kuuza, zimepangwa na mtu mwingine asiyelipa gharama.

Leo mashine ya kukoboa iko hapo hapo kijijini, na meneja ni wewe. Kabla ya kuuza mpunga wote, pima gunia moja, likoboe, pima mchele uliotoka. Toa gharama za mashine na usafiri. Hapo utajua kama heri kuuza mpunga au mchele. Na mkutanoni, chama chenu kikiahidi bei nono, simama uulize: fedha itatoka wapi, na pengo atalipa nani?

Kuuliza si utovu wa adabu. Ni kulinda jasho lako.