Nyumba Yangu, Ardhi Yao, Mti wa Nani?

Sisi wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa maana ya nyumba bila ardhi. Mtu anajenga nyumba yake, kuta zake, bati lake, milango yake, lakini kiwanja ni cha mwingine, na mwenye kiwanja anapelekewa kodi yake. Ukitaka kuuza, unauza nyumba tu. Mambo haya yametoka katika desturi za pwani, na Waingereza walipoleta sheria yao ya hati za ardhi mwaka 1908 hawakuyamaliza. Nyumba yetu ya Kisauni ni ya namna hiyo, na mimi nilikua nikidhani hii ni ajabu ya kwetu peke yetu. Kumbe wapi! Marekani, nchi ambayo vijana wenzangu wanaiota mchana kweupe, kuna watu kwa mamilioni wenye nyumba zao juu ya ardhi ya wengine. Tofauti ni kwamba nyumba zao zina magurudumu.

Nasema zina magurudumu kwa kufuata jina tu. Zamani zilikuwa nayo kweli. Mwaka 1919 wasafiri wa magari walikusanyika katika bustani ya De Soto, mjini Tampa, Florida, wakaunda chama chao, Tin Can Tourists, jina linalotokana na makopo. Hao walikuwa watu wa kupita. Walilala ndani ya magari na mahema, na mahali pa kupiga kambi palichaguliwa kwa mambo mawili: maji na kivuli. Mti ulikuwapo kabla ya mgeni, na mgeni akiondoka aliuacha mti pale pale. Hapakuwa na ugomvi.

Ugomvi ulianza pale mgeni alipokaa. Katika dhiki ya miaka ya 1930 wengi waligeuza trela kuwa nyumba, na wakati wa vita vya pili wafanyakazi wa viwanda vya silaha wakapangwa humo. Halafu mwaka 1954 mtengenezaji mmoja wa Wisconsin, Elmer Frey, akaleta nyumba yenye upana wa futi 10, badala ya futi 8 zilizozoeleka barabarani. Futi mbili si kitu, utasema. Lakini nyumba ya futi 10 haikokotwi na gari la baba siku ya Jumapili. Inaletwa mara moja kwa lori na kibali maalumu, inawekwa juu ya matofali, basi. Tangu hapo "nyumba ya kuhama" ikawa haihami, ila mwenyewe akabaki mpangaji wa ardhi.

Wenye ardhi wa miaka ile walikuwa na haraka. Walisawazisha mashamba kwa tingatinga, wakapima viwanja, wakapitisha lami, kisha wakatafuta miti ya kukua upesi. Huko California mmoja wa miti iliyopendwa ni mforsadi, ile aina isiyozaa. Ni mti mwema: majani mapana, kivuli kizito wakati wa joto, na baridi ikija unapukutisha majani ili jua liingie dirishani. Ubaya wake ni kwamba mizizi yake inatafuta maji bila adabu, inainua lami na saruji, na vumbi la maua yake linawatesa wenye pumu, hata eneo la Las Vegas likapiga marufuku upandaji wake mwaka 1991. Lakini aliyeupanda alitaka kuuza picha ya kijiji chenye kivuli, na picha aliipata.

Shangazi yangu alinunua nyumba yake katika kijiji kimoja cha namna hiyo, kwenye bonde la kati la California, na mimi nilikaa kwake majira mawili ya joto. Jina la kijiji silitaji. Alichonionyesha kwanza kilikuwa kisiki, kabla hata ya jikoni.

Hebu nieleze kile kisiki kilitoka wapi, kwa sababu hapa ndipo historia ilipomgusa. Kati ya 2012 na 2016 California ilipata ukame mkali. Tarehe 1 Aprili 2015 gavana Jerry Brown akaamuru matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25. Amri hiyo ilikuwa ya haki, maji hayakuwapo. Watu wakafunga vinyunyizio na kuacha ukoka ukauke, wengine wakaona fahari kuwa na nyasi za rangi ya mkeka. Walichosahau wengi ni kwamba mti uliopandwa katikati ya ukoka ulikuwa unakunywa maji ya ukoka. Miaka arobaini haukufundishwa kupeleka mizizi chini sana, maana chakula kilikuwa kinaletwa mezani. Ukoka ukifa, mti hauanguki siku ile. Unaanza kukauka juu, kwenye ncha, mwaka wa pili matawi, mwaka wa tatu anakuja mtu na msumeno.

Kijijini kwa shangazi walikuja na msumeno mara kadhaa. Visiki vikabaki. Hakuna aliyepanda kitu.

Sasa msomaji asiseme, "Mti tu huo, kwani yeye ni ndege?" Nyumba hizi nyingi, hasa za kabla ya tarehe 15 Juni 1976 ilipoanza kutumika sheria ya ujenzi ya serikali kuu, zina kuta nyembamba na paa la chuma. Joto likipita digrii 40, ndani ni tanuri. Katika kaunti ya Maricopa, Arizona, watafiti wameonyesha kwamba wakazi wa nyumba hizi ni wengi mno miongoni mwa wanaokufa kwa joto ndani ya nyumba zao, kuliko idadi yao inavyostahili. Kiyoyozi kipo, ndiyo, lakini bili ya umeme ipo pia. Shangazi alikuwa akikiwasha jioni tu, na saa nane mchana alikaa bafuni kwa sababu bafu lilikuwa upande wa kivuli cha jirani. Kabla ya kisiki, aliniambia, hakuwa na habari na mambo hayo.

"Sasa mwanangu," akaniuliza, "nyumba yangu, ardhi yao. Mti ulikuwa wa nani?"

Nikaenda maktaba ya mji kusoma sheria. California wana sheria maalumu ya wakazi wa vijiji hivi, na ndani yake kuna kifungu cha miti, kinachohusu mikataba ya kuanzia tarehe 1 Januari 2001. Kinasema mti wa eneo la wote ni mzigo wa uongozi kuupogoa na kuuondoa. Mti ulio kwenye kiwanja cha mpangaji pia, ukiwa umethibitika kuwa hatari. Kinasema tena kwamba mpangaji haruhusiwi kupanda mti bila idhini ya maandishi. Nilikisoma mara tatu nikitafuta neno moja, kurudishia. Neno hilo lipo, lakini linahusu njia za kuegesha gari! Lami ikiharibika kuna wa kuirudishia. Mti ukitoweka, kifungu kinajua nani mwenye msumeno na nani wa kuomba ruhusa. Jembe ni la nani, hakisemi.

Mimi sikuamini, kwa sababu nimelelewa na watu wa minazi. Pwani yetu mnazi una mwenyewe mbali na ardhi. Mtu anaweza kuuza minazi yake au kuiweka rehani, na ardhi iliyo chini yake ikabaki kwa mwingine. Aliyepanda ndiye mwenye mti, hata akipanda kwenye kiwanja asichokimiliki. Mambo hayo yameleta kesi nyingi na udugu kuvunjika, sikatai, lakini yanamtambua aliyechimba shimo. Kanuni za kijiji cha shangazi zinasema kinyume: ukishapanda ardhini, ni cha ardhi. Yaani ununue mche, uumwagilie kwa maji ya mita yako, na siku ukihama uuache kama zawadi. Nani atapanda kwa masharti hayo?

Haki itendeke, wenye ardhi nao wana hoja. Kimbunga Andrew kilipoipiga Florida kusini tarehe 24 Agosti 1992, mji wa Homestead ulikuwa na nyumba hizi 1,176, na zilizovunjika kabisa zilikuwa 1,167. Upepo wenyewe ulitosha kufanya hivyo, lakini miti iliyoanguka haikusaidia. Miongoni mwa iliyong'oka ni mvinje, huu huu wetu wa ufukweni! Kule umekatazwa kupandwa, unahesabiwa mvamizi. Hapa Bamburi, René Haller alipoanza kufufua machimbo ya saruji mwaka 1971, mvinje ulikuwa miongoni mwa miti michache iliyokubali kuishi kwenye jiwe tupu, na leo tunapeleka wageni kuutazama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walipochunguza baadaye waliona kuwa baadhi ya miti ya asili ya kule, kama mwaloni wa pwani, ilisimama vizuri zaidi. Kwa hiyo kurudishia mti si kurudisha ule ule. Hata kwa shangazi, mforsadi mwingine usingefaa: maji hakuna, na lami ingeinuka tena. Ilitakiwa mti wa kuvumilia ukame, upandwe upande wa magharibi wa nyumba linakotua jua la alasiri, umwagiliwe kwa taratibu na kwa kina miaka ya mwanzo ili mizizi ishuke.

Tukaandika barua, shangazi na majirani wanne, Wamexico watatu na mzee mmoja wa Oklahoma. Tulitaja kila kisiki kwa namba ya kiwanja. Jibu lilikuja baada ya wiki sita: miti mipya haimo katika bajeti, ila mpangaji anaruhusiwa kuweka mimea kwenye vyombo. Shangazi akanunua nusu pipa, akapanda mlimau. Kivuli chake kinatosha kuku mmoja.

Wapo waliotafuta njia nyingine. Mwaka 1984, katika mji mdogo wa Meredith, New Hampshire, wakazi wa kijiji cha nyumba 13 walikopa fedha wakanunua ardhi iliyokuwa chini yao, wakawa ushirika. Vijiji vingi vimewafuata katika majimbo mengine. Humo swali la shangazi lina jibu jepesi: mti ni wa wanachama, na kama umekufa watapiga kura kwenye mkutano. Lakini bajeti ya ushirika huanza na mabomba yaliyooza, maji machafu na mashimo ya barabara, mambo ambayo mwenye ardhi wa zamani aliyaacha yalivyo, na miche inasubiri zamu yake.